Leo chupa yangu imenyamaza mpaka Mikindani

Nimetoka nyumbani Chikongola, hapa Mtwara mjini, saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado kigiza, nikatembea taratibu mpaka Mikindani kama nnavyofanya Jumapili nyingi tangu mwaka juzi. Ni kama kilomita 10 hivi, usipokimbizana na mtu masaa mawili na kidogo umefika. Na leo, kwa mara ya kwanza kabisa, sijaisikia chupa yangu karibu njia nzima. Naandika hapa miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi maana nimefurahi sana na sitaki nisahau nilivyofanya.

Hii safari naipendea ukimya. Wiki nzima niko dukani, redio ya jirani upande huu, bodaboda upande ule, wateja, simu, mpaka jioni kichwa kinavuma. Ile alfajiri ndo naisikia dunia vizuri, adhana zinapokezana msikiti huu na ule, upepo wa kusi kwenye minazi, jogoo wa mbali huko kwenye mikorosho, na ukianza kuteremka kuelekea ghuba ya Mikindani unasikia bahari kabla hujaiona. Kilichokuwa kinaniharibia yote hayo ni maji yangu mwenyewe.

Nilikuwa nabeba chupa ya lita moja na nusu, hizi za maji ya dukani tunazojaza tena nyumbani, naichomeka mfuko wa pembeni wa begi. Ikiwa imejaa haina neno. Sasa kunywa robo tu uone, chubwi chubwi chubwi kila hatua, na ukipunguza mwendo nayo inabadilisha tu mlio lakini haikomi. Nilikaa nikaiangalia vizuri siku moja nikagundua yale maji yanafanya kama bembea, ukiisukuma mara moja na kuiacha itatulia yenyewe, ila ukiisukuma kila inaporudi ndo inazidi kupaa, na mguu wangu ndo huo msukumaji, kila nikikanyaga nayapiga tena kabla hayajatulia. Halafu uzito wote uko upande mmoja, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo bega la kulia linabeba kilo na nusu inayoruka ruka na la kushoto halina kitu. Nikifika Mikindani shingo imekaza.

Nikahamia chupa ya chuma. Niliinunua sokoni, nzuri, nzito, ina kishikio juu, nikaining'iniza kwenye mkanda wa begi. Ikawa inanigonga nyonga njia nzima na kishikio kinagongana na chuma cha kufungia mkanda, mbwa wa watu wakaanza kunibwekea nyumba kwa nyumba. Siku ya tatu kifuniko kikavuja kikalowesha daftari langu la mahesabu ya mwezi mzima. Nikaiacha nyumbani, sa hivi inakaa na uji wa mtoto.

Kilichonifungua akili ni bibi yangu wa Newala, Mungu amrehemu. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa ya shida, wakati wa utoto wangu tulikuwa tunashuka bondeni na kupanda nayo kichwani, na mtu aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akaangalia chini atanielewa nikisema kupanda. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 hizo. Bibi alikuwa anaviringisha kitambaa anaweka ngata, anatwika ndoo, na kabla hajatwika anakata vitawi vya majani mabichi anavilaza juu ya maji. Mi miaka yote nilijua anazuia vumbi. Siku moja nikamuuliza akaniambia, "Maji yanataka kitu cha kuyashika mjukuu wangu, ukiyaacha wazi yanacheza." Na kweli, yale majani yanavunja kiwimbi kikiwa bado kidogo, hakipati nafasi ya kukua mpaka kimwagike. Bibi alikuwa anafika nyumbani na kanga yake kavu mabegani.

Kwa hiyo nikawaza, chupa yangu yanacheza kwa sababu nimeyaachia uwanja, ule upepo unaoingia kila nikinywa. Nikiutoa ule upepo yatacheza wapi? Ndo hicho tu nilichofanya. Nimeacha chupa kubwa, nimechukua mbili ndogo za plastiki nyembamba, zile laini zinazobonyea. Nikishakunywa naibonyeza chupa pole pole mpaka maji yapande yafike mdomoni kabisa, yanachungulia, hapo hapo nafunga kifuniko kwa nguvu bila kuachia mkono. Inabaki imebonyea kama shavu la mzee, haina upepo ndani, itikise unavyotaka haisemi. Halafu nakunywa moja mpaka iishe ndo naanza nyingine, ili ile ya pili iwe imejaa muda wote. Plastiki nyembamba inachoka kwenye mikunjo, kwa hiyo ukiona mkunjo umekuwa mweupe badilisha, usisubiri ipasuke njiani.

Begi nalo nimeliacha. Nachukua kanga, naikunja kwa urefu mara tatu, nazilaza chupa katikati zikifuatana, naviringisha, na hapo kati ya chupa na chupa naisokota kanga mara moja ili zisigongane (bila hicho kisokoto zinagongana, nimejaribu). Navaa lubega, fundo kifuani, chupa zimelala mgongoni juu kidogo ya kiuno, zimebana, hazining'inii popote. Uzito ule ule lakini mwili hauoni shida kabisa maana unakwenda na wewe. Ile plastiki ikibonyea huwa inalialia, kanga inameza huo mlio. Na ukiilowesha kanga kidogo kabla ya kutoka, upepo ukipiga maji yanabaki na ubaridi kama ya mtungini, ila mgongo utalowa, kwa hiyo mi nalowesha upande wa nje tu.

Nilivyokuwa nateremka na kimya changu nikawawaza wale wazee wetu wa upande wa Lindi, waliobeba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Kilomita kama 60 mpaka bandari ya Lindi, kwa miguu, mifupa kichwani na mabegani, ikapakiwa meli kwenda Ujerumani, na leo ule mjusi umesimama Berlin una mita 13 na zaidi kwenda juu. Watu wanasimulia mifupa tu. Mi nawaza koo zao, na vibuyu vyao, maana mtu aliyebeba jiwe la mfupa kichwani hawezi kuinama kila saa kutafuta maji, lazima kibuyu kimkae mwilini kama kiungo chake. Wale walikuwa wanajua hii habari kuliko mimi na kanga yangu.

Mikindani kuna mzee huwa anashona nyavu pale karibu na maji, anakaa ameipa barabara mgongo. Nikamwamkia kama kawaida.

"Shikamoo babu."

Akashtuka. "Marahaba mwanangu. Leo umekuja na gari?"

"Hapana babu, kwa miguu."

"Mbona sijakusikia? Siku zote nakusikia kabla hujafika hapo kwenye mwembe."

Nikamfungulia kanga nikamuonesha. Akaibonyeza chupa kwa vidole vile vya nyavu, akaitikisa sikioni, akacheka. Akasema hata kwenye ngalawa dumu la maji analijaza mpaka shingoni, maana likiwa nusu linahangaika usiku kucha na hakuna anayelala. Tukagawana ming'oko (vile viazi pori vyetu vya huku) niliyonunua njiani ya moto bado, nikamalizia maji, nikarudi na daladala.

Imebaki ile theluthi ya mwisho ya chupa, maji yakiwa machache chupa haibonyei tena vya kutosha na inaanza kunong'ona. Jumapili ijayo nitatumbukiza majani mawili ya mchaichai ndani, marefu, nione kama yatayashika.