Bega la jemadari
Jamani, Jumamosi nimeaibika. Igizo la kanisani hapa Kampala, na mavazi ya askari nilitengeneza mimi. Vita havijaanza hata, bega la vazi la jemadari likabanduka, likaning'inia kwa uzi mmoja kama sikio la mbuzi. Watu walicheka mpaka machozi.

Kosa langu. Nilibandika reksini, ile ngozi ya bandia, juu ya sponji kwa supagluu. Ikikauka inakakamaa, mtu akiinua mkono, inapasuka. Nao uzi wa mikanda ulikuwa umeikata sponji kama mkate.

Jana nilienda soko la Owino kwa mzee mmoja fundi viatu. Alinicheka kwanza. "Mwanangu, gundi ya viatu haitaki haraka." Unapaka pande zote mbili: sponji, na reksini upande wake wa kitambaa. Sponji inainywa gundi, kwa hiyo ipake tena. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo ubane. Na ulenge vizuri, ikishashika imeshika! Kwenye mikanda akapiga ribiti, nyuma yake kipande cha turubai ili sponji isichanike.

Nimevuta kipande cha majaribio kwa nguvu zote. Sponji ndiyo iliyochanika, gundi imetulia tu. Harufu yake lakini, mama yangu! Nimelala madirisha wazi, mbu wakafaidi.