Upepo wa Kariakoo kwenye kompyuta: anza na boksi tupu

Picha za simulesheni ya upepo ni rahisi kudanganya. Mishale inapita kati ya maghorofa, bluu hapa, nyekundu pale, mteja anaridhika. Lakini je, upepo ulioingizwa mwanzoni mwa boksi (eneo la hewa linalokokotolewa kuzunguka majengo) ndio uliofika kwenye jengo? Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, hata kabla ya kubishana kuhusu modeli ya msukosuko, yaani hesabu za mizunguko ya hewa.

Chukua mtaa wa Kariakoo ambao jengo lake refu kuliko yote lina mita 45. Acha mara 5 ya kimo hicho mbele (upande upepo unakotoka), pembeni na juu ya paa, yaani mita 225, na mara 15 nyuma, mita 675. Majengo yasizibe zaidi ya 3% ya uso wa boksi unaokabili upepo, la sivyo hewa inabanwa na kasi inapanda bure. Ukitaka kujua hali ya mtembea kwa miguu, kimo cha mita 1.5 kiangukie seli (vipande vidogo ambavyo boksi limegawanywa) ya tatu au ya nne kutoka chini, kwa hiyo seli za chini ziwe na unene wa kama mita 0.4.

Sasa ondoa majengo yote, uendeshe boksi likiwa tupu. Linganisha kasi ya mwanzoni na ile ya pale jengo litakapokaa. Zikitofautiana, mara nyingi kosa liko kwenye mparuzo wa ardhi. Kwa mji uliosongamana z0, kipimo cha mparuzo huo, ni kama mita 1. Programu zinazopima mparuzo kwa kimo cha chembe za mchanga za kufikirika huitafsiri kuwa karibu mita 20, na kimo hicho hakitakiwi kuzidi katikati ya seli ya kwanza, ambayo kwako iko mita 0.2! Baadhi ya programu hukipunguza kimyakimya, ardhi inakuwa laini, na upepo wa chini unaongezeka kasi njiani. OpenFOAM, programu huria ya simulesheni hizi, ina kanuni ya ardhi iitwayo nutkAtmRoughWallFunction inayopokea z0 moja kwa moja. Hata hivyo jaribio la boksi tupu usiliruke.

Takwimu za upepo za uwanja wa ndege nazo zisimwagwe mjini zilivyo. Hupimwa mita 10 juu ya uwanda wazi, z0 kama 0.03. Ukizipandisha hadi mita 60 kwa fomula ya logi (ya kasi kuongezeka kwa kimo), kisha ukazishusha hadi mita 10 tena kwa z0 ya 1, mita 4 kwa sekunde zinabaki kama 2.9. Na kaskazi na kusi kila mmoja uwe na simulesheni yake: mmoja unatoka baharini ukipitia Upanga, mwingine upande wa Kigamboni na bandari.

Kwa hewa ya ndani, soma shinikizo kwenye kuta za madirisha mawili yanayokabiliana. Chumba cha mita za ujazo 48, kila dirisha mita 1 ya mraba, Cd (kipimo cha jinsi dirisha linavyopitisha hewa) 0.6, upepo mita 2 kwa sekunde: tofauti ya Cp (shinikizo la ukutani likilinganishwa na nguvu ya upepo) ikiwa 0.5, hewa hubadilika kama mara 45 kwa saa. Ghorofa la jirani likiishusha hadi 0.05, zinabaki kama 14. Madirisha yakiwa makubwa njia hii haitoshi, itabidi uyachore wazi ndani ya modeli yenyewe. Na ushushe Cd kwa ajili ya wavu wa mbu. Nani Dar analala bila wavu dirishani?