Kibanda cha Usiku Mmoja katika Miombo ya Liwale

Mjomba aliyenifundisha kulala porini hakuwa na haraka ya kushika panga. Ilikuwa Februari, mvua zimekolea, nasi tulipofika mahali pa kulala alizunguka kwanza, akatazama juu kama kuna tawi kavu linaloweza kutuangukia, kisha akainama kutafuta siafu na nyayo za tembo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua korongo dogo lenye mchanga laini. Akanionyesha majani makavu yaliyonasa kwenye mizizi, usawa wa magoti yangu, akasema, "Maji yalifika hapa, mjomba." Tukapanda kwenye mwinuko.

Tulichimbia nguzo mbili za panda zinazofika kifuani, tukalaza mti wa mwamba juu yake, kisha tukaegemeza fito pande zote mbili hadi chini. Paa la nyasi linataka mwinamo mkali, kama nyuzi 45, kwa sababu likilala sana maji hukawia juu yake na mwishowe hupenya.

Kamba tulizipata kwenye magome ya myombo. Masika gome huachia kwa urahisi: unalikata shinani, unalivuta kuelekea juu, nalo linatoka ukanda mrefu wenye utelezi, unabandua ganda gumu la nje na kubaki na utepe wa ndani, ambao ukifungwa ukiwa mbichi hukaza vizuri. Tulichuna zile fito tulizokwisha kuzikata tu, kwani mti uliosimama ukichunwa kuuzunguka hufa. Naomba jambo hili lishikwe sana, pamoja na kuomba ruhusa ya kijiji kabla ya kukata chochote. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, hairuhusiwi kukata hata ufito mmoja.

Kuezeka ndiko kulikotuchukua muda mrefu. Tulianzia upenuni tukipanda, kila safu ikifunika vifungo vya safu iliyo chini yake, hadi unene ukafika shubiri moja. Mahali nilipoweka nyasi chache kwa uchovu, mjomba alifungua, akanirudishia kamba mkononi.

Mvua ilishuka saa nne usiku, ikanyesha hadi karibu na alfajiri. Kulipokucha, korongo lilikuwa likienda maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alipitisha kiganja chini ya fito, akakitazama, kikavu, akatoka kutafuta kuni.