Figo za kijana mwenye presha: ninavyozipima

Kijana wa miaka 14 akija na 145/95, kitu cha kwanza ninachokishuku ni mkanda wa mashine. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Mfuko wake wa hewa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Anakaa dakika 5 ameegemea kiti, kimya. Presha ikirudi hivyohivyo siku nyingine mbili, naikubali. Kuanzia miaka 13, 130/80 tayari ni presha ya juu, na kwa umri huu, ikiwa inatokana na ugonjwa mwingine, mara nyingi chanzo ni figo zenyewe.

Kinachopoteza wengi ni jibu la kreatinini, taka ya misuli kwenye damu ambayo figo huitoa. Fomu nyingi za maabara zina viwango vya watu wazima, hivyo mikromoli 88 kwa lita hupita kama kawaida. Mimi humpima urefu, nikazidisha sentimita kwa 36.5, nikagawa kwa kreatinini. Hiyo ndiyo kanuni ya Schwartz, ya kukadiria figo za mtoto zinachuja damu kiasi gani kwa dakika. Mwenye sentimita 150 anapata mililita 62, wakati tunategemea zaidi ya 90. Fomu imesema yuko sawa, kumbe karibu theluthi ya uwezo wa kuchuja haipo! Maabara ikitoa miligramu kwa desilita, zidisha urefu kwa 0.413. Kwa mnyanyua vyuma jibu hulisoma kwa tahadhari, maana misuli huongeza kreatinini.

Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi, naye awe amekojoa kabla ya kulala, kwa sababu baadhi ya vijana huvuja protini wakiwa wamesimama tu, bila ugonjwa. Usipime akiwa na homa, hedhi au ametoka mpirani. Albumini, protini ya damu inayovujia kwenye mkojo, ikizidi miligramu 3 kwa milimoli ya kreatinini, na ikadumu miezi 3, figo zimeumia.

Nikianzisha enalapril, dawa ya kushusha presha, narudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 huvumilika. Ikizidi hapo nasimamisha dawa na kuomba ultrasaundi ya mishipa ya figo, huenda imeziba. Msichana aelezwe wazi kwamba dawa hii hudhuru mimba. Akiharisha au kutapika, aiache hadi anywe na kula vizuri.

Halafu nauliza kuhusu diclofenac ya dukani, dawa ya maumivu, ya goti au ya tumbo la hedhi. Hiyo hupandisha presha na kupunguza damu iendayo kwenye figo. Badala yake nampa paracetamol.