Septiki yangu kabla ya masika: kumbukumbu ya wiki tano

Masika iliyopita choo chetu kilikuwa kikikoroma. Unavuta flashi, maji yanapanda, yanasita, kisha yanashuka kwa kujivuta huku tundu la sakafuni bafuni likilia glu-glu-glu. Nikasema septiki, lile tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka ya nyumba, imejaa. Kabla sijapata gari la maji taka mvua zikakata, na choo kikapona chenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: septiki iliyojaa hujitapishaje bila kuguswa na mtu?

Mwaka huu nimeamua nipime kwanza, mvua zikiwa bado mbali.

Wiki ya kwanza

Kufungua mfuniko. Zege la unene wa inchi 4, limekaa miaka minne bila kuinuliwa. Mtaimbo mmoja haukutosha, ikabidi nimwite fundi bomba aliyetujengea. Mzee wa watu alikuja na mtaimbo wa pili na masharti mawili: tusubiri nusu saa mfuniko ukiwa wazi ndipo tuusogelee, na pasiwepo sigara karibu.

"Na kichwa chako, kijana, kibaki huku juu," akaniambia. "Kitu kikidondokea humo, kimekwenda. Usikifuate."

Hakuwa anatania. Gesi ya humo ina salfa, inanuka kama yai viza, na ikizidi huua nguvu ya pua kunusa. Ukiona harufu imekwisha ghafla, huenda hatari ndiyo imeanza. Watu hufa kwa kuingia kumwokoa aliyeingia kwanza.

Cha kupimia ni fito ya mita mbili na nusu, nusu ya chini imezungushiwa taulo jeupe kuukuu na kufungwa kwa kamba. Unaishusha taratibu mpaka iguse sakafu, unangoja dakika chache, unaizungusha kidogo na kuipandisha wima. Taulo husoma lenyewe: chini jeusi tii lenye chembechembe, juu kijivu cha maji. Weusi wangu uliishia sentimita 34. Kina cha maji ni sentimita 150.

Fito ya pili nimeipigilia kipande cha ubao mwishoni, kama herufi L, kupimia utando wa mafuta unaoelea juu. Sentimita 3 tu! Nilifurahi. Tope na utando kwa pamoja ni kama robo ya kina, na kawaida watu huita gari vikikaribia theluthi, au tope likibakiza sentimita 30 kufika mdomo wa chini wa tii ya kutokea, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T ambacho maji hupitia kutoka kwenye tangi.

Nikataka basi kuupata huo mdomo. Nikashusha ile L upande wa kutokea, nikaipandisha ikikwaruza ukuta, nikitegemea inase kwenye ncha ya bomba sentimita 60 chini ya maji. Haikunasa. Ikapanda, ikapanda, ikagota kwenye bomba lenyewe la kutokea. Mguu wa tii haupo. Umekatika, umezama kwenye tope.

Furaha yote ikaisha. Kazi ya mguu ule ni kuchota maji ya katikati, yale ambayo tope limeshatuama chini yake na mafuta yameelea juu yake. Bila mguu, kinachotoka ni utando. Kumbe sentimita zangu 3 hazikuwa usafi wa septiki. Mafuta ya miaka minne yalikuwa yameshahamia shimo la kunyonya, lile ambalo maji yanayotoka septiki huingia na kunywea ardhini.

Fundi alifunga tii mpya ya inchi 4 akiwa amepiga magoti nje, mguu umeshuka sentimita 60. Haikuzidi saa moja.

Wiki ya pili

Shimo la kunyonya. Hili ndilo lililonifundisha mengi, na nilikuwa silijali kabisa.

Ni la duara, upana wa mita 1.5. Ukipiga hesabu, kila sentimita moja ya maji humo ni karibu lita 18. Saa nne usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, nikapima maji yalipo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajafungua koki, nikapima tena. Yameshuka sentimita 5. Lita 90 kwa usiku mzima! Kwa mwendo huo shimo halimudu hata maji yetu ya kuoga.

Nilikuwa karibu kukubali kwamba mafuta yameziba kuta na tuchimbe jingine. Kilichoniokoa ni kukosa usingizi. Usiku wa pili nilimulika tochi kwenye chemba ya kwanza, ile inayopokea maji kutoka nyumbani, nikaona uzi wa maji. Mwembamba, umenyooka, unameta chini ya bomba, hauna sauti. Saa saba usiku nani anatumia maji?

Nikasoma mita ya maji, nikaisoma tena baada ya muda wa saa nane: lita 120 zimepita, koki zote zimefungwa. Nikatia matone ya rangi kwenye tangi la choo, na baada ya robo saa bila mtu kuvuta, bakuli likawa jekundu. Mpira wa flashi ulikuwa umeliwa upande mmoja, umekuwa kama sarafu iliyoumwa. Lita 15 kila saa, 360 kwa siku, maji safi kabisa, nayalipia kwenye bili halafu nayapeleka kulijaza shimo.

Mpira mpya, dakika kumi. Nikapima shimo usiku uliofuata: limeshuka sentimita 12. Hizo ni zaidi ya lita 200 kwa saa nane, au kama 640 kwa siku. Sisi watano tunatumia kama 400. Shimo ni zima, ila lilikuwa linalishwa kuliko tumbo lake.

Wiki ya tatu

Hakuna la maana. Wavu wa bomba la hewa ulikuwa umechanika, nimebadilisha. Mbu wa Culex hupenda maji machafu kama haya kutagia, na tulikuwa tunalaumu madirisha.

Jirani kanishauri nitie hamira, mwingine unga wa bakteria wa pakiti. Sijatia. Bakteria wanaohitajika wanaletwa na choo chenyewe kila siku, bure. Kuoza ndiyo kazi ya tangi na ndiko jina lilikotoka: Donald Cameron wa Exeter, Uingereza, ndiye aliyeliita hivyo mwaka 1895, kwa neno la Kigiriki la kuoza. Ninachokazania mimi ni tambara, pedi na mafuta ya kukaangia visiingie.

Wiki ya nne

Paa. Sikuwahi kufikiria paa lina habari na choo. Gata la upande wa nyuma linamwaga maji hatua tatu kutoka shimo la kunyonya. Upande huo ni mita za mraba 45. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40 ni lita 1,800 zinazomwagwa palepale. Ardhi ikishashiba, shimo linamnyonyea nani? Hapo ndipo choo hukoroma, na ndiyo sababu kilipona mvua zilipokata.

Nimeunga bomba, maji yanatoka mita 8 upande wa mteremko. Upande wa juu wa shimo nimechimba mfereji mdogo wa kukata maji yanayotiririka kutoka uwanjani. Udongo juu ya tangi ulikuwa umebonyea, nimeujaza na kuushindilia uwe na mgongo. Mwisho nimeziba kingo za mfuniko kwa saruji dhaifu ambayo mtaimbo utaiweza.

Gari la maji taka siliiti sasa. Robo bado ina nafasi, nitapima tena ardhi ikikauka. Nitakachokwepa ni gari kunyonya tangi katikati ya masika: tangi tupu kwenye ardhi iliyojaa maji husukumwa kutoka nje, la plastiki huweza hata kuibuka, na la matofali kama langu kuta zinaweza kupasuka.

Wiki ya tano

Mvua ya kwanza ya kweli, usiku wa kuamkia leo. Kopo langu la kupimia limeonyesha milimita 31. Asubuhi nimekwenda moja kwa moja kwenye shimo, hata chai sijanywa: maji yamepanda sentimita 6 toka jana jioni, na kabla ya saa sita mchana yalikuwa yamerudi yalipokuwa.

Choo kimya. Mfereji wa juu umebomoka sehemu moja kwenye kona, udongo pale ni laini mno. Kesho natafuta mawe.