Amekuzoea au amekata tamaa?

Baba wala hajui kwamba swali lake nimeshinda nalo wiki nzima. Kauliza, kamaliza chai yake, kapanda bajaji kurudi zake Iwambi.

Mnaomfahamu Sikujua, punda wangu, mnakumbuka alivyokuwa akijibanza kona ya mwisho ya zizi kila nikigusa komeo. Basi Jumamosi alfajiri alikubali. Niliweka mkono pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza, nikamkuna, hakuondoka. Hata ngozi haikuchezacheza kama inavyofanya akitua inzi. Nilitoka zizini nacheka peke yangu mpaka Mama Neema akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Kwa hiyo Jumapili, Baba alipopita baada ya ibada, hata shikamoo haikuitikiwa vizuri, nikamvuta aje aone.

Akasimama nje ya uzio na lile koti lake. Nikaingia, nikamkuna punda wangu palepale. Tuli. Nikageuka, meno yote nje.

"Unaona, baba? Amenizoea."

Akanyamaza kidogo. "Mama, amekuzoea au amekata tamaa?"

"Sijamfunga hata kamba. Si amesimama mwenyewe?"

"Hata kule Kitulo ng'ombe walikuwa wanasimama. Ukishamwingiza kwenye kile kinjia cha chanjo, mbao huku, mbao huku, anatulia. Mgeni anasema huyu mpole. Mpole wapi! Ameona hakuna pa kwenda."

Kisha akaulizia chai.

Wiki hii upimaji wa darasa la nne umeisha salama, mwalimu mkuu kapata uhamisho, kwa mdogo wangu wa Tukuyu wameleta posa. Mimi nasahihisha madaftari, nasikia "hakuna pa kwenda". Nakoroga ugali, hilohilo.

Angekuwa mtu mwingine ningempuuza, lakini Baba kahudumia mifugo umri wake wote. Na kwa punda swali lake linachoma zaidi. Farasi akiogopa, kwanza anatimua mbio. Punda mara nyingi anaganda, ndiyo maana watu wanamwita mbishi na kumwongezea fimbo. Tena anaficha maumivu. Anaweza kuwa mgonjwa kweli na bado akasimama kama hana neno.

Huyu alikuja na kidonda cha kamba juu ya kwato. Mjomba alimkuta Igurusi, anazurura kwenye majaruba yaliyovunwa, hashikiki. Akatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, mwenye punda hakutokea. Miaka ya nyuma punda wa hivyo angeshaishia machinjioni, ngozi ikaenda China kuchemshwa gundi ya dawa. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukaizuia biashara hiyo bara zima kwa miaka 15. Sawa, ngozi yake imepona. Lakini kama kila asubuhi anasimama mbele yangu akisubiri tu yaishe, nimemwokoa nini?

Jumatano jioni niliacha mlango wa zizi wazi kabisa upande wa mabua ya mahindi. Shangazi (yule mbuzi, wageni msishtuke, punda hapendi kukaa peke yake) nikamfunga kulekule nje, ili Sikujua akitaka kwenda awe na pa kwenda. Pumba sikubeba hata kiganja. Nikasimama ubavuni kwake, si mbele, maana macho yake yako pembeni na mkono unaomjia moja kwa moja kwenye paji la uso unampotea ukishakaribia. Nikagusa bega.

Nyama chini ya kiganja ilikuwa imekaza. Jicho limetazama sehemu moja, pumzi kaibana. Nikatoa mkono nikarudi hatua moja. Akashusha pumzi ndefu, akatafunatafuna, mdomoni hamna kitu. Nikangoja. Nikagusa tena, kidogo tu, nikautoa kabla hajakaza. Tulienda hivyo mpaka miguu ikaniuma, na mume wangu dirishani anauliza leo watu wanakula saa ngapi. Sikio la upande wangu likaanza kunigeukia. Mwisho nikaona giza linaingia, nikampa mgongo niende zangu nikapike.

Akanifuata! Mlango uko wazi, mbuzi anamwita huko nje, yeye kaja taratibu, kajipanga kiubavu na kuniwekea bega lilelile kwenye mkono, kwa uzito, karibu aniangushe. Nikamkuna mpaka kucha zikajaa vumbi na manyoya. Mdomo wake wa juu ukavutika mbele, ukawa unachezacheza hewani kama anaongea na mtu nisiyemwona. Nilicheka hadi machozi.

Nikampigia Baba hapohapo.

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa, baba."

"Haya. Na kichwa je?"

Kichwa bado. Masikio ndiyo usiseme. Na mvua zikianza zizi litakuwa tope tupu, na kwato zake zimerefuka zinataka kukatwa, sasa mtu atamnyanyuaje mguu? Lakini hilo silo lililoniamsha usiku wa jana. Ni mbegu za viazi. Shamba la Igoma limeshalimwa, mbolea iko ndani, na yule mama aliyechukua nusu ya hela zetu tangu Agosti hapokei simu yangu. Leo nimejaribu kwa laini ya mume wangu: imeita mara mbili, ikakatwa.