Siku moja na kamera: Tukuyu asubuhi, Mwanjelwa mchana

Saa 12:45 asubuhi, Tukuyu, mkoani Mbeya. Bado kuna kiza kidogo. Saa zetu na za Dar ni zile zile, ila huku ni magharibi zaidi, hivyo mwezi Julai jua hutoka karibu saa 1 kamili. Stendi ya kamera iwe imeshasimama.

Saa 1:15. Shamba la chai. Kamera ikikaa usawa wa kiuno, vichwa vya michai vinaungana, njia za katikati zinapotea, na picha inabaki kijani kitupu. Panda ukingo wa barabara, hata mita 2 tu, njia zitajitokeza. Chagua moja ianzie karibu na kona ya chini ya fremu na ikufikishe kwa mchuma chai, ambaye umeshamwomba ruhusa. Washa gridi (mistari inayogawa fremu kwenye skrini), mweke pale mistari inapokatana, na nafasi kubwa ibaki upande anakoelekea.

Hapo wengi hubonyeza. Angalia kwanza nyuma yake: mstari wa mikaratusi unampita shingoni kama kamba. Usimsumbue asogee. Shusha kamera mpaka kichwa chote kiwe angani, au ipandishe kichwa kizame chote kwenye kijani. Katikati ya hapo picha haiponi. Na kama wingu limefunika Mlima Rungwe, anga nyeupe ya nini? Ikate.

Saa 5, soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya. Simama ndani ya kibanda, nguzo mbili ziwe fremu, pima mwanga wa nje, kisha subiri mtu mmoja aingie kwenye uwazi. Uwazi wa lenzi f/8 na kasi ya shata 1/250 ya sekunde zinatosha. Jihadhari na turubai la bluu: nusu ya uso inakuwa bluu, nusu inapata jua, na hakuna marekebisho ya rangi yatakayoponya zote mbili kwa pamoja. Mwombe atoke hatua moja.

Saa 7. Chakula. Kadi za kamera zinakiliwe mara mbili kabla ya kufutwa.

Saa 9 alasiri. Mahojiano ya video, kamera mbili. Msemaji akae mita 2 kutoka ukutani, macho yake kwenye theluthi ya juu. Vuta mstari wa kufikirika kati yake na muulizaji. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Moja ikivuka, kwenye uhariri wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba wanaongea na mtu wa tatu. Kamera ya pili iachane na ya kwanza kwa nyuzi 30 au zaidi, na ibane zaidi. Vinginevyo picha inaruka.

Saa 12 jioni. Mteja anataka na video ya simu, wima. Ukikata fremu ya wima ya uwiano wa 9:16 kutoka video ya 1920 × 1080, unabaki na upana wa pikseli 607 tu, na mikono yote imekatwa. Shuti kwa 4K ukiacha nafasi pembeni, au geuza kamera urudie.